Nusu Saa Mbele ya Taa

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Dakta Yasinta ametugawia madaftari. Fomu ya saa za kulala na namba ya hamu ya dawa au pombe, kuanzia sifuri hadi kumi, tutamrudishia kila Ijumaa. Daftari ni la kwetu. "Andikeni chochote," amesema. "Hata msipoandika, sawa."

Basi naandika. Mimi ni Swaumu Mbwana, miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Kondoa, muuguzi kwa miaka kumi na minane. Tangu Mei nimesimamishwa kazi nikisubiri kikao cha nidhamu. Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilinigonga, mfupa wa paja ukavunjika, nikachomwa sindano za pethidini, dawa kali ya maumivu, kwa wiki mbili. Mguu ulipona. Mimi na pethidini hatukuachana. Kabati la dawa za wodini lilikuwa na funguo mbili, na mmoja ulikaa mfukoni mwangu. Vichupa vilipotea, wakanikamata. Hayo wanayajua.

Sindano nimeacha tangu Julai. Usingizi haujarudi. Nasinzia alfajiri, naamka mchana kichwa kizito, na hamu inaamka pamoja nami.

Utafiti wenyewe ni taa. Kila siku ya kazi saa kumi na mbili u nusu asubuhi, nusu saa, mbele ya taa pana kama sinia. Nikamwambia Dakta, "Dodoma hii, jua linakausha mboga kwa siku moja, nyie mnatuletea taa?"

Akacheka. "Dada Swaumu, leo bila miadi hii ungeamka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na pazia?"

"Nafunga."

"Basi jua la Dodoma unalisikia tu kwa watu."

Akaeleza kwamba mwili una saa yake, na sisi tulioacha madawa na pombe saa hiyo imeharibika. Mwanga mkali wa asubuhi huenda ukairekebisha, usingizi ukarudi, hamu ikapungua. Alisema "huenda" mara tatu. Nilimpenda kwa hilo.

Jumanne, 3 Desemba

Nimelala kwa saa mbili tu. Hamu nane.

Alhamisi, 5 Desemba

Chumba cha taa kina vibanda vinne vilivyotenganishwa kwa mapazia. Taa ni za aina mbili, nyeupe kali na ya chungwa iliyofifia, ya kulinganishia tu, na zimegawiwa kwa kura. Yangu ni nyeupe. Jirani yangu ana ya chungwa, naiona kwa chini ya pazia.

Jirani anaitwa Nathanaeli. Alikuwa dereva wa wizara kule Mtumba mpaka alipoliingiza gari mtaroni akiwa amelewa, saa nne asubuhi, mbele ya geti. Anaisimulia hadithi hiyo kama vile ilimpata mtu mwingine. Anaongea nusu saa nzima. Leo ameniuliza, "Nesi, ya kwako ikoje?"

"Nyeupe."

"Ya kwangu kama ya kulelea vifaranga." Akacheka mwenyewe.

Nilikuja hapa nikae kimya. Nimepewa redio.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua ya kwanza. Bi Emilia, mwenye nyumba, alinigongea kuniuliza kama paa linavuja. Halivuji. Alichungulia nyuma ya bega langu hata hivyo. Nadhani anatafuta mwanaume au chupa.

Ijumaa, 13 Desemba

Saa tatu za usingizi. Hamu saba.

Jumatano, 25 Desemba

Nyumba nzima imekwenda kanisani, kisha ikarudi na wageni. Nilisikia sufuria, watoto, na mtu akipiga ngoma ya ndoo. Nilimpigia Ikram, mwanangu, ambaye yuko Kondoa kwa kaka yangu Nurdini. Ana miaka kumi na minne. Baba yake alikwishaoa kwingine zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Vizuri."

"Matokeo yametoka?"

"Bado."

"Mjomba hajambo?"

"Hajambo. Ananiita, mama." Sikumsikia mtu akimwita.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Saa tano na nusu za usingizi! Niliamka mwenyewe kabla simu haijalia. Nimekaa kitandani nikiwa na hofu, kama mtu aliyeshtuka kukuta mlango uko wazi.

Alhamisi, 9 Januari

Saa sita. Hamu tano.

Jumatano, 15 Januari

Wingu zito siku ya nne. Barabara ya Nkuhungu imekuwa dimbwi, nimefika kituo cha utafiti viatu mkononi. Ndani taa inawaka vilevile. Nilikaa mbele yake nikajikuta nawaza ugali na mlenda. Sijatamani chakula tangu mwaka juzi.

Nathanaeli hakuongea leo. Nilipomchungulia alikuwa ameegemeza paji la uso mezani.

Alhamisi, 23 Januari

Alinisubiri nje, chini ya kibaraza, mvua ikinyesha. Mikono alikuwa ameificha makwapani.

"Nesi, nina ombi. Tubadilishane vibanda."

"Haiwezekani. Ni utafiti."

"Wiki mbili tu. Pazia likifungwa nani atajua? Wewe sasa unalala. Nakuona, uso umerudi. Mimi bado silali. Mke wangu amekwenda kwao na mtoto, Mpwapwa, kasema atarudi akiniona mzima. Wiki mbili, dada yangu."

Nilimpa jibu la kitaalamu. Nilimwambia kwamba tukibadilishana tutaharibu matokeo ya watu wote, na kwamba hata Dakta hajui kama taa nyeupe inasaidia kweli. Yote hayo ni sahihi. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa kurudi kwenye kutolala. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia.

"Sawa, Nesi. Nimekuelewa."

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 24 Januari

Saa sita na nusu. Hamu nne.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua imekata. Bi Emilia anasema mahindi ya shambani kwake Hombolo yameanza kujikunja majani.

Jumatatu, 10 Februari

Kibanda cha jirani kitupu. Taa ya chungwa haikuwashwa.

Jumanne, 11 Februari

Kitupu.

Jumatano, 12 Februari

Dakta Yasinta amesema Nathanaeli ameonekana Ihumwa, kwenye kilabu cha pombe, tangu Jumamosi. Alisema kwa sauti ya chini huku akipanga fomu. Nikamwambia kuhusu ombi lake la kubadilishana.

"Kaniomba na mimi pia," akasema. "Kabla yako. Nilimkatalia."

"Tungempa."

"Dada Swaumu, kama ningekuwa na uhakika taa nyeupe inatibu, ningewasha nyeupe vibanda vyote. Sina. Huenda wewe umelala kwa sababu unaamka mapema na kutembea. Huenda yeye angeanguka hata chini ya nyeupe. Ndiyo maana tunapima."

"Lakini alijua kwamba yake ni ya uongo. Alikaa wiki kumi mbele ya dawa ya uongo huku mwenzake..."

Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nimewahi kumchoma mtu maji."

Dakta akaiweka kalamu chini.

Nilimweleza. Ninayaandika hapa pia, maana nimekwishayasema mara moja na dunia haikusimama.

Aprili mwaka jana tulikuwa na mgonjwa kutoka Bahi, Mzee Obedi, saratani ya mifupa. Alikuwa mrefu, miguu ikitokeza nje ya kitanda. Aliandikiwa pethidini asubuhi na jioni. Ya asubuhi alichomwa na wenzangu. Ya jioni ilikuwa zamu yangu. Siku tisa, yule mzee nilimchoma maji, na ya kwake nikajichoma mimi. Nilimwambia, "Dawa hiyo, mzee, sasa utapumzika." Akasema, "Asante, mwanangu." Kila jioni aliniambia asante. Alfajiri ya siku ya kumi akafariki. Angefariki tu, saratani ilikuwa imemmaliza. Lakini angefariki bila kulia vile.

Walipogundua vichupa vimepungua walihesabu kabati. Wagonjwa hakuna aliyewauliza. Mimi nikakubali kosa la wizi, na watu wakasema angalau nimekuwa mkweli.

Dakta aliichukua tena kalamu, akaifunika. "Hilo si la utafiti wangu," akasema. "Ni lako, na unajua linapaswa kupelekwa wapi. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, nitakuja."

Nilipoondoka hakunishika bega kama anavyofanya siku zote.

Alhamisi, 13 Februari

Saa saba za usingizi. Hii ndiyo inayonitisha. Nilidhani nikiyatoa nitakosa usingizi mwezi mzima, nami nimelala kama mtoto. Sijui kama ni taa au ni moyo wangu ulivyo mgumu.

Kabla ya taa sikuwahi kumkumbuka Mzee Obedi kwa mpangilio. Alikuja vipandevipande, mguu, blanketi. Sasa akili imetulia, namkumbuka mzima mzima. Mwanga huu hawakuniambia kwamba utafanya na hili.

Jumatatu, 17 Februari

Dakta amenisalimia vizuri. Vizuri tu.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekwenda Bahi.

Sikutaka kusindikizwa. Nilijua jina la binti yake, Penina, kwa sababu ndiye aliyekuwa akileta uji wodini. Nilishuka stendi, nikamwuliza mwenye bodaboda, akanipeleka mpaka ukingo wa majaruba ya mpunga. Huku maji ya mto yalikuwa bado yapo, mpunga umesimama kijani hadi macho yanapokomea. Wanawake watano walikuwa wameinama wakipalilia. Mmoja akainuka, akaweka mkono usoni kukinga jua.

"Mbukwa," akaniamkia kwa Kigogo, kama anavyoamkiwa yeyote apitaye. Kisha akanitambua. "Nesi! Jamani, huyu ndiye nesi aliyemwuguza baba!"

Alitoka majini akikimbia. Alinishika mikono yote miwili kwa mikono yake ya tope, akaomba radhi kwa tope, akacheka. Akanikalisha kwenye kivuli cha turubai, akanimiminia uji kutoka kwenye chupa ya chai. Akawaambia wenzake kwamba mimi nilikuwa simkaripii mzee. Kwamba nilimwita baba. Wenzake wakanipa pole ya safari.

Nilikunywa uji wake. Hilo sitajisamehe, kwamba niliumaliza kwanza.

Nikamwomba tuzungumze wawili. Tukasogea kando ya mfereji. Nikamwambia kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, bila kusema nilikuwa mgonjwa, bila kutaja bodaboda wala mguu.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Siku ngapi?"

"Tisa. Sindano ya jioni."

"Ya jioni."

"Ndiyo."

Alitazama majini. "Alikuwa ananiambia, Penina, sindano ya jioni haifanyi kazi. Mimi nikamwambia, baba, usiwasumbue manesi, wanajitahidi." Akarudia, "Nilimwambia asiwasumbue."

Nikapiga magoti kwenye tope. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Inuka. Wale wanatutazama."

Nikainuka.

"Wakubwa wako wanajua?"

"Hawajui. Kikao changu ni mwezi ujao."

"Uwaambie. Useme wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitasimama mbele ya watu kueleza baba yangu alivyokuwa akilia. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi nenda. Gari la kurudi mjini linapita saa tisa. Usingojee hapa, ngojea kule barabarani."

Akaingia tena majini, akainama mahali palepale. Mmoja wa wenzake akamwuliza kitu, naye akaendelea kupalilia.

Nilikaa barabarani kwa saa mbili juani. Sikutafuta kivuli.

Jumapili, 23 Februari

Hamu tisa. Sijatoka ndani.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekwenda kwenye taa. Macho yamevimba, Dakta akayaona. Nikamwambia nilikuwa Bahi. Akaniletea maji ya kunywa, akakaa kwenye kiti cha Nathanaeli mpaka nusu saa ikaisha.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Miaka mitatu sijafunga, nilikuwa na udhuru wa ugonjwa, kisha udhuru wa uongo. Leo nimefunga. Magharibi nilikaa na tende tatu na kikombe cha chai kitandani. Kwetu Kondoa futari ni mkeka mzima, watu wanakatizana maneno, sambusa zinagombaniwa. Humu ndani nilisikia ninavyotafuna.

Jumatano, 5 Machi

Bi Emilia aligonga jua lilipozama. Alikuwa na bakuli la viazi vitamu vya nazi.

"Unafuturu na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Toka lini chakula cha mfungo kikaliwa na mtu peke yake? Mimi Mwanglikana najua hilo." Akaingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akala kiazi kimoja kunisindikiza. Macho yake yakazunguka chumba kama kawaida, kisha akasema, "Mdogo wangu alikuwa na ugonjwa kama wako. Wa pombe, yeye. Tulimkuta ndani siku ya tatu, amekwisha kufa. Ndiyo maana nagonga."

Miezi mitatu nimekuwa nikimwita mbea moyoni.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imerudi usiku kucha na kutwa. Saa sita. Hamu nne.

Jumanne, 18 Machi

Kikao. Watu watano mezani, chupa za maji, mimi nimefunga. Mwenyekiti alikuwa na faili langu na barua ya Dakta Yasinta inayosema nimehudhuria kila siku na vipimo vyangu ni safi. Alikuwa ameanza kunitazama kwa upole. Alisema, "Kosa lako ni zito, lakini tunaona jitihada." Nilijua mkondo unakoelekea. Ningeinamisha kichwa tu, ningesema asante, na pengine baada ya mwaka ningevaa tena sare.

Nikasema, "Mheshimiwa, kuna jambo halipo kwenye faili."

Nilisoma karatasi niliyoiandika. Nilipofika kwenye "asante, mwanangu" niliurudia mstari, nikaendelea. Mama mmoja pembeni alivua miwani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimesema. Waliuliza tarehe, wodi, na jina la mgonjwa.

Nilitolewa nje. Niliporudi waliniambia jina langu linafutwa kwenye daftari la wauguzi, na kwamba suala la mgonjwa litapelekwa polisi, niwe tayari kuitwa. Nikasema niko tayari. Nje mvua ilikuwa imepungua, watu wa ofisini wakivuka madimbwi wameinua suruali. Miaka kumi na minane. Sikujua niende upande gani, nikasimama.

Jumatano, 19 Machi

Taa. Saa nne za usingizi.

Ijumaa, 28 Machi

Utafiti umeisha leo. Dakta alituita sote tuliobaki, kumi na tisa kati ya ishirini na wanne. Waliokuwa na taa nyeupe wamelala zaidi, karibu saa nzima kwa siku. Kuhusu hamu, tofauti ni ndogo mno kuapia. "Siwadanganyi," akasema, "bado hatujui." Kuanzia Jumanne ijayo, waliokuwa na ya chungwa watakaopenda watapewa nyeupe wiki sita.

Nikauliza, "Na waliotoroka?"

"Wakija."

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Nimeswali, kisha nikaenda Ihumwa na biriani ya Bi Rukia wa mtaa wa pili, ambaye hanijui lakini alinifungia sahani mbili. Nathanaeli nilimkuta nyumbani kwake, amekaa kizingitini, amekonda shingo. Alikuwa hajanywa siku hiyo. Alifurahi kuniona, kisha akaona aibu kwamba amefurahi.

"Idi njema, Nesi."

"Mimi si nesi tena. Wamenifuta."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Alisikiliza hadi mwisho, biriani ikipoa magotini mwake.

"Kwa hiyo uliponinyima taa," akasema taratibu, "ulikuwa tayari una hilo."

"Nilikuwa nalo."

"Ungenipa."

"Ndiyo. Ilinipasa nikupe."

Alikula matonge mawili matatu. Nikamwambia kuhusu Jumanne na zile wiki sita.

"Na hiyo nyeupe nayo ikishindwa?"

"Basi tutajua."

"Tutajua mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Nitakuja."

Jumanne, 1 Aprili

Alikuja amechelewa robo saa, amenyoa. Nilikaa nje ya pazia. Taa ilipowashwa kukawa kimya, halafu nikasikia, "Kumbe ni hii tu? Nesi! Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Mimi nilidhani ni kitu." Na akaanza kuongea, nusu saa nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Nathanaeli amelala kwa saa tatu. Mimi sijazi fomu tena.

Alhamisi, 10 Aprili

Nathanaeli hakuja. Nilikwenda Ihumwa. Alikuwa amekunywa. Kesho, amesema.

Ijumaa, 11 Aprili

Amekuja. Ananuka, lakini amekuja.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua zimekwisha, naona. Upepo wa baridi umeanza kutoka mashariki na anga limekuwa safi. Polisi wameniita, niende Jumatano. Sikutaka Ikram asikie kwa mjomba wake, nikampigia.

Nilimwambia yote. Aliniacha niseme. Nilidhani simu imekatika, nikaita, "Ikram?"

"Nipo."

"Una la kuniuliza?"

"Huyo mzee alikuwa anaitwa nani?"

"Obedi. Obedi Mazengo."

Akalirudia jina polepole, lote. Kisha akasema, "Mama, wiki hii usinipigie."

"Sawa, mwanangu."

"Nitakupigia mimi."

Hakusema anaitwa na mjomba, kama ile Krismasi. Alikaa kwenye simu, nami nikakaa, nikimsikia anavyopumua, hadi salio langu likaisha.